Uhunzi nyuma ya nyumba: nianze na mkaa au na gesi?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Kiborloni, Moshi. Nyuma ya nyumba nina eneo la kama mita sita kwa nne, udongo mtupu, upande mmoja ukuta wa jirani, upande mwingine migomba. Siku nyingi nimetamani kujifunza uhunzi, angalau niweze kutengeneza miundu na visu vya shambani, na huko mbele labda niuze. Nimetenga shilingi laki tatu. Rafiki yangu, fundi wa kuchomelea, ananishauri nitengeneze jiko la gesi kama yale ya kwenye video, lakini naona hela yote itaishia hapo. Mke wangu naye ana wasiwasi na moto kwa sababu tuna watoto wawili wadogo. Nianzeje, na fuawe, lile pande zito la kugongea chuma, nitaipata wapi?

JIBU: Marahaba, mwalimu, na hongera kwa kuuliza kabla ya kununua. Gesi iweke kando kwa sasa. Anza na mkaa, kwenye kasha la udongo utakalolitengeneza mwenyewe kwa gharama ndogo sana, na hela yako ielekeze kwenye fuawe, nyundo na tupa. Jiko ni kitu chepesi kuliko vyote katika kazi hii. Kigumu ni kuutawala moto uliomo ndani yake, na hilo hujifunzi kwa kununua.

Simpingi rafiki yako. Jiko la gesi linawaka haraka na halina majivu. Lakini regyuleta ya jikoni inatoa gesi kwa shinikizo dogo mno kwa kazi hii. Utahitaji regyuleta ya shinikizo kubwa, mpira wake maalumu, bana yake (kichomeo), na ndani uweke blanketi la nyuzi za kauri ambalo lisipopakwa vizuri nyuzi zake huingia mapafuni. Mtungi mdogo ukifyonzwa kwa kasi hupoa, unaota barafu kwa nje, na moto unafifia katikati ya kazi. Na liko jambo linalokuhusu wewe hasa: umesema unataka kutengeneza miundu. Mundu ukishapinda hauingii vizuri kwenye sanduku la gesi lenye mdomo mdogo. Kwenye moto wa mkaa ulio wazi unaulaza unavyotaka, unapasha sehemu ile tu unayoihitaji, na kwingine kunabaki baridi.

Ushahidi uko hapo hapo mlimani kwenu. Muda mrefu kabla reli ya kutoka Tanga haijafika Moshi mwaka 1911, wahunzi wa Uchagani walikuwa wanafua mikuki, majembe na visu kwa mkaa, mivukuto ya kupulizia moto ya ngozi ya mbuzi na jiwe gumu lililofanywa fuawe. Chuma chenyewe kilitoka sana Ugweno, Upare wa kaskazini, ambako ukoo wa Washana ulijulikana kwa kazi hiyo. Mikuki ya mlimani ilinunuliwa hata na Wamaasai, ingawa nao wana wahunzi wao, Ilkunono. Mamba, karibu na Marangu, hadi leo zipo familia zinazofua. Wale wazee walijua kuusoma moto, na kwa ujuzi huo walitoa kazi nzuri kwa vifaa ambavyo wengi leo wangevicheka.

Sasa kasha. Mwombe seremala akupigie kasha la mbao lisilo na mfuniko, urefu sentimita 90, upana 60, kina 30, likae juu ya miguu imara ili ukingo wake ufike kiunoni kwako. Kazi ya kuinama chini ni nzuri kwa aliyeizoea tangu utoto. Wewe mgongo wako utakusimamisha mapema kuliko moto. Jaza udongo. Ule mwekundu wa kwenu unafaa, ila uuchekeche mawe yote yatoke, uchanganye na jivu na mchanga kidogo usipasuke sana ukikauka. Kama kuna kichuguu karibu na ukaruhusiwa kuchimba, udongo wake ni bora zaidi. Mawe ya mtoni usiyaweke karibu na moto hata kama yanapendeza: yana unyevu ndani, yakipata joto la ghafla yanalipuka na kurusha vipande usoni.

Katikati ya udongo huo chimba bakuli la upana wa sentimita 20 na kina cha 12 hadi 15. Chini ya bakuli na pembeni mwake ubaki udongo usiopungua sentimita 15 kabla ya kufika mbao. Ndio unaolinda kasha lisiungue. Bomba la hewa liingie kwa ubavuni, mdomo wake uwe kama sentimita tano juu ya sakafu ya bakuli. Tumia bomba jeusi la chuma la inchi moja na nusu, urefu wa mita moja hivi, mdomo wa ndani umebanwa ubaki na tundu la sentimita mbili hadi mbili na nusu. Usitumie bomba la maji lililopakwa zinki. Sababu nitaieleza mbele. Ncha ya bomba itaungua polepole kadiri siku zinavyokwenda. Hilo ni la kawaida, unaisukuma mbele kidogo. Acha udongo ukauke kivulini siku kadhaa, kisha moto wa kwanza uwe wa vijiti tu, mdogo, wa kufukuza unyevu.

Wengine watakuambia utumie rimu ya gari au dramu ya breki badala ya kasha. Inawezekana, ila jiko la dramu hupata hewa kutoka chini, jambo linalofaa zaidi makaa ya mawe, ambayo kwetu yanachimbwa mbali kule Ruvuma na Songwe. Mkaa wa miti unapenda hewa ya ubavuni. Na ukiona rimu ya kung'aa isiyoshika sumaku, hiyo ni aluminiamu, inayeyuka kwenye nyuzi 660. Itakuharibikia siku ya kwanza.

Hapa kwenye hewa naomba tutulie, maana ndipo wanaoanza wanapopotea. Wanaamini upepo mwingi ndio moto mkali. Mkaa wa miti ni mwepesi na una matundu mengi. Upepo mdogo tu unautosha. Ukiupiga upepo mkali unaruka cheche kila upande, mkaa unaisha, na hewa ya ziada ambayo haikupata mkaa wa kuichoma inakwenda kukila chuma chako. Utaona magamba meusi mazito yanabanduka kila ukigonga. Yale magamba ni chuma kilichoungua, umekilipia na sasa kiko chini.

Kwa hiyo nakushauri sana feni ya kuzungusha kwa mkono. Kazi hiyo ndiyo mpe rafiki yako fundi wa kuchomelea. Achukue gurudumu la baiskeli kuukuu, alifunge kwenye stendi, aliwekee mkono wa kuzungushia, na mikanda miwili ya cherehani iliyoungwa ipite kwenye rimu na kwenye kapi dogo la feni. Feni yenyewe iwe ndani ya nyumba ya bati. Kapi likiwa na kipenyo cha sentimita tano, kila ukizungusha gurudumu mara moja feni inazunguka zaidi ya mara kumi. Ubora wa kifaa hiki hauko kwenye kukwepa bili ya umeme peke yake. Ukiacha kuzungusha ili ugonge chuma, moto nao unatulia, hauli mkaa bure. Feni ya umeme inaendelea kupuliza wakati wewe uko kwenye fuawe, na kile kipande cha pili ulichokisahau motoni kinaungua. Ukilazimika kutumia umeme, drayo ya saluni ikiwekwa kwenye hewa baridi inatosha kabisa, ila usiibane kwenye bomba. Acha mwanya katikati, usogeze mbele na nyuma hadi upate kiasi. Swali la urefu kutoka usawa wa bahari huwa naulizwa hapa Arusha, tulipo karibu mita 1,400: ni kweli hewa ni nyepesi kuliko pwani, lakini kwa moto wa mkaa unaongeza mzunguko kidogo tu. Huko Moshi mko chini kuliko sisi, usilifikirie.

Namna ya kuupanga moto ni hivi. Jaza bakuli, kisha rundika mkaa juu yake upate kilima cha kiganja kimoja au zaidi juu ya usawa wa udongo. Matofali mawili ya kuchoma pande zote mbili yatauzuia usitawanyike. Chuma usikielekeze mdomoni mwa bomba. Kiingize kwa ulalo, katikati ya kilima, mkaa uwe chini yake na juu yake pia. Hewa ikipita kwenye mkaa wa kutosha kabla ya kukifikia chuma, inakuwa imeshatumika, nacho kinapata joto bila kuungua. Kingo za moto zinyunyizie maji kidogo kwa kopo lililotobolewa, moto usitambae mahali usipouhitaji. Moto mzuri kwa kazi yako una ukubwa wa ngumi mbili. Ukiona unawaka kasha zima, jua unapoteza mkaa.

Kuhusu mkaa wenyewe: vipande viwe vya sentimita mbili hadi nne. Vikubwa zaidi vinaacha mapengo, vumbi nalo linaziba hewa. Hii ni bahati kwako, maana wauza mkaa wote wanabaki na chenga chini ya gunia ambazo wapishi hawazitaki. Zinunue hizo kwa bei ya chini, zichekeche, utapata mkaa wa mhunzi hasa. Najua shuleni mnalo agizo la serikali la taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kuachana na kuni na mkaa, na pengine dhamiri inakusumbua. Ni vema ikusumbue. Matawi yanayopogolewa kwenye kahawa na mgrevilea, yakichomwa kwenye pipa lililofunikwa, yanatoa mkaa wa kutosha mazoezi, bila mti kukatwa. Mkaa mbadala wa kufinyanga usiutumie; mara nyingi una udongo ndani na majivu yake yanasonga moto.

Fuawe sasa. Fuawe ya dukani yenye pembe ni ghali na kwa mwanzo huihitaji. Unachohitaji ni uzito ulio wima chini ya nyundo. Nenda gereji za malori, uliza shafti ya ekseli ya nyuma iliyokatika, ile yenye sahani mwishoni. Isimamishe wima, sahani ikiwa juu, mwili wake umezama ndani ya gogo. Kila pigo linakutana na urefu wote wa chuma kigumu. Uma wa foklifti uliokatika ni mzuri zaidi ukiupata, nao pia usimamishe kwa urefu wake, usiulaze. Hapa Arusha maeneo ya Unga Limited hayakosi vitu vya aina hii; Moshi uliza mafundi wa magari makubwa kabla ya kwenda kwa wauza skrepa, kwa sababu fundi atakuambia kimetoka kwenye gari gani.

Jaribu kabla ya kulipa. Chukua gololi ya beringi, idondoshe juu ya uso wa chuma kutoka urefu wa sentimita 30 na uangalie inarudi kiasi gani. Ikirudi zaidi ya nusu, chuma hicho ni kigumu na kitakurudishia nguvu zako. Ikidondoka na kulala, kila pigo lako litamezwa na jioni bega litakuambia. Usikubali kuuziwa kipande cha reli, hata kama ni kizuri na bei ni ya kutupa. Reli ni mali ya umma, treni inapita Moshi hadi Arusha, na kukutwa na kipande chake nyuma ya nyumba ni kesi ambayo mwalimu huwezi kuieleza.

Gogo liwe zito. Mkaratusi unapatikana kirahisi lakini unapasuka, kwa hiyo ufunge pete mbili za chuma bapa juu na chini. Kimo chake kipime hivi: simama wima, kunja ngumi, acha mkono uning'inie. Uso wa fuawe ufike kwenye vifundo vya vidole. Ikiwa juu zaidi bega linaumia, ikiwa chini zaidi ni mgongo.

Nyundo ni moja tu, ya kilo moja au zaidi kidogo. Ya kilo mbili itakuchosha, na mkono uliochoka haulengi. Uso wa nyundo mpya una kingo kali. Zisage kwa grainda ziwe mviringo, la sivyo kila pigo litaacha kovu kwenye kazi. Mpini wa mpera ni mzuri kuliko mingi, unanyumbulika na haupasuki ovyo. Koleo unaweza kuliahirisha: kwa majuma ya kwanza fanya kazi na vipande vya nusu mita, mwisho mmoja uko motoni, mwingine umeushika. Tupa mbili, moja kali na moja laini, zinunue mpya na nzuri. Vaisi ikipatikana kwa mtumba, chukua.

Kwa mazoezi tumia nondo laini isiyo na miraba, ya milimita 10 au 12. Ile yenye miraba inafulika, ila miraba ikikunjwa ndani ya kazi inaacha nyufa. Nondo hiyo ya mazoezi ni chuma laini, kwa hiyo inafaa kulabu, misumari mikubwa na vichokoleo vya moto, lakini haishiki makali. Kwa visu na miundu utatafuta springi za gari, zile bapa, ambazo zina kaboni ya kutosha kama asilimia 0.6. Springi kuukuu huwa na nyufa usizoziona. Isugue, iangalie kwa mwanga wa ubavuni, na ikatae ukiona hata ufa wa unywele. Kama hujui chuma ulichonacho ni kipi, kiguse kwenye grainda mahali penye kivuli. Chuma laini kinatoa cheche ndefu zilizonyooka. Chenye kaboni nyingi cheche zake ni fupi na zinapasuka pasuka kuwa nyota karibu na jiwe. Baada ya kuviona viwili pamoja mara moja hutavichanganya tena.

Viko vyuma ambavyo havitakiwi kuingia motoni kabisa. Chochote chenye zinki: bomba la maji, bati, waya wa seng'enge. Zinki inachemka kwenye nyuzi 907, joto unalolifikia kirahisi, na moshi wake mweupe ukiuvuta unapata homa na kutetemeka saa chache baadaye; ukiuvuta mwingi unaumiza mapafu vibaya. Hiyo ndiyo sababu ya bomba jeusi. Vitu vilivyofungwa pande zote kama shokapu na mitungi vinalipuka. Vilivyopakwa kromu navyo viache.

Kazi yako ya kwanza iwe kuchonga ncha mwishoni mwa nondo, na uirudie mpaka mkono uijue. Pasha sentimita tano za mwisho hadi zifike rangi ya chungwa inayoelekea manjano, kati ya nyuzi 1,000 na 1,100. Toa, nenda kwenye fuawe bila kusita, maana joto linaondoka kila nukta. Ilaze nondo kwa mteremko, mwisho wake karibu na ukingo wa mbali wa fuawe, nyundo nayo ishuke kwa mteremko huo huo. Gonga mara mbili tatu, zungusha robo, gonga tena. Unataka ncha ya miraba minne, yaani pande nne bapa, kwanza. Kila mtu anatamani kuanza na mviringo kwa sababu ndio umbo analotaka mwisho, lakini chuma kikigongwa kwa mviringo kinavutika nje na ndani kinabaki nyuma, hadi kinapasuka katikati kama bua la muhindi. Minne ikishakaa sawa, gonga pembe zake uwe na minane, kisha gonga pembe za minane kwa mapigo mepesi. Mviringo unakuja wenyewe. Rangi ikishuka hadi damu ya mzee, acha kugonga, rudisha motoni. Kugonga chuma kilichopoa kunakipa nyufa ambazo utaziona siku kisu kinakatika. Na upande mwingine, ukiona chuma chenyewe kinatoa cheche nyeupe, kimeungua. Kata sehemu hiyo, haitengenezeki.

Ili uone rangi hizo unahitaji kivuli. Jua la mchana la Moshi linakudanganya, chuma cha chungwa utakiona cheusi. Ezeka bati jeupe juu, angalau mita mbili na nusu hadi tatu, pande zote ziwe wazi. Usiezeke makuti wala kutandaza turubai la plastiki. Usihamishie kazi hii ndani ya chumba hata masika mvua ikikusumbua. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, inayoua watu waliojifungia nayo kila mwaka wakati wa baridi. Sakafu ibaki udongo. Chuma cha moto kikianguka kwenye zege linapasuka na kurusha vipande.

Wasiwasi wa mama watoto una msingi, na umsikilize. Weka kasha mbali na migomba iwezekanavyo, fagia majani makavu yote kwa mita tatu kuzunguka, weka ndoo ya maji na ndoo ya mchanga kabla ya kuwasha. Januari na Februari, majani yakiwa makavu na upepo ukivuma, siku hiyo acha. Lakini hatari kubwa kwa watoto wako siyo miali. Ni chuma cheusi. Chuma chenye nyuzi 400 hakina rangi yoyote mchana, kinaonekana baridi, na mtoto atakiokota. Tafuta karai la mchanga, kila kipande kinachotoka mkononi mwako kiingie humo, hakuna kingine kinachowekwa chini popote. Chora mstari au funga kamba ambayo watoto hawavuki moto ukiwaka, na usiondoke mpaka umemwagia maji makaa na karai limepoa. Wewe mwenyewe vaa miwani ya kazi kila wakati, viatu vya ngozi, shati zito la pamba na jinzi. Pale soko la mitumba la Memorial utazipata kwa bei nzuri. Nguo ya nailoni inayeyuka na kugandia ngozini. Mkono wa nyundo usivae glavu, utapoteza mshiko.

Jirani wa upande wa ukuta mfuate kabla ya pigo la kwanza, mweleze, mkubaliane saa. Mjulishe na mwenyekiti wa mtaa. Jioni baada ya kazi na Jumamosi asubuhi watu wengi huvumilia, Jumapili usijaribu. Mnyororo mzito ukizungushwa shingoni mwa fuawe unapunguza sana ile kelele ya kengele.

Ukifika kwenye kisu au mundu, kufua ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kukifanya kigumu bila kukifanya kikatike. Tafuta sumaku ya spika ya redio kuukuu. Baada ya kumaliza kufua, pasha kisu hadi sumaku ikatae kukishika, kiache kipoe chenyewe hewani, urudie mara tatu. Hii inatuliza chuma. Kisha pasha tena sawasawa hadi sumaku ikatae, ongeza joto kidogo tu, na ukizamishe wima kwenye mafuta ya alizeti yaliyopashwa hadi yanaumiza kidole kidogo, kama nyuzi 50. Mafuta yawe ndani ya chombo cha chuma chenye mfuniko, yakishika moto ufunike. Oili chafu ya injini achana nayo, moshi wake ni sumu. Hapo kisu ni kigumu mno, kikidondoka kitavunjika. Sasa unarudisha joto ili kupunguza ugumu huo: sugua ubavu ung'ae, kisha kiweke mgongo wake juu ya pande la chuma la moto na uangalie rangi zinavyotembea kuelekea kwenye makali: manjano ya majani makavu kwenye nyuzi kama 220, kahawia 250, zambarau 280, buluu karibu na 300. Kisu cha jikoni kisimamishe kwenye manjano. Mundu unaogonga mawe na visiki upeleke hadi kahawia au zambarau. Ikifika unapotaka, zamisha kwenye maji papo hapo.

Kabla ya hapo, panda Mamba ukakae na wazee wanaofua. Nenda kama mwanafunzi, lipa muda wao, omba uzungushe mivukuto. Kuna mambo ya mkono ambayo sitaweza kukuandikia. VETA Moshi, chuo cha ufundi stadi, itakusaidia kwa kuchomelea na kutumia mashine, na SIDO ya mkoa, shirika la viwanda vidogo, ukifikia hatua ya biashara. Hapo ndipo pia utahitaji TIN (namba ya mlipakodi) ya TRA na leseni ya manispaa.

Kuuza, usiharakishe. Miundu yako ya kwanza wape majirani wenye vihamba, mashamba ya nyumbani, waitumie msimu mmoja bila malipo, kisha uikusanye uangalie makali. Yakijikunja, ulirudisha joto kupita kiasi, au hukufikisha moto wa kuzamishia. Yakimeguka, hukurudisha vya kutosha. Ongeza rangi moja mbele. Ukiniandikia tena, nieleze makali yalifanya nini, chuma kilitoka kwenye springi ya gari gani, na ulisimamisha kwenye rangi ipi. Kwa mambo hayo matatu nitakujibu bila kubahatisha.